Siku Saba, Kisha Siku Saba Tena

Masomo ya juma: Mambo ya Walawi 13:1-6; Ayubu 2:7-13; Marko 1:40-45



Juni imeingia na Johannesburg imekauka. Sisi tuliolelewa Tanga, Kigoma, Bujumbura au Bukavu hatukuwahi kununua unyevu, ulikuwa hewani. Hapa tumepanda hadi karibu mita 1,750 juu ya usawa wa bahari, mvua ilituaga mwezi wa nne na haina haraka ya kurudi, na ile hita tunayoiwasha usiku ili watoto wasikohoe inanyonya hata maji kidogo yaliyobaki chumbani. Jumapili iliyopita, tulipopeana mkono wa amani, niliona viganja vingi vimevutwa ndani ya mikono ya sweta. Mama mmoja alinisalimia kwa kiwiko. Alicheka, nami nikacheka, lakini sote wawili tulijua kwa nini.

Basi juma hili nazungumzia ngozi. Nazungumzia ukurutu, ambao wengine mnauita pumu ya ngozi, na vile vipele vinavyomtoka mtu baada ya kumeza dawa. Ukiona jambo hili halifai mimbarini, fungua Mambo ya Walawi sura ya 13. Ina aya 59, na zimejaa mabaka, majipu, makovu ya moto na upele. Mungu hakuona aibu kuyataja.

Wengi tunairuka sura hiyo. Tunaiita sura ya ukoma, na tukishasikia neno ukoma tunajua la kufanya: kukaa mbali. Lakini neno la Kiebrania lililotafsiriwa hivyo ni pana kuliko ugonjwa mmoja. Sura hiyohiyo inalitumia kwa nguo, na sura inayofuata kwa kuta za nyumba. Musa hakupewa jina la kila ugonjwa. Alipewa utaratibu.

Utaratibu wenyewe ni huu. Mtu analetwa kwa kuhani. Kuhani anaangalia: je, baka limeingia ndani kuliko ngozi? Nywele zimegeuka nyeupe? Limeenea? Likiwa wazi, anasema. Lisipokuwa wazi, hana ruhusa ya kukisia. Anamtenga mtu yule siku saba, kisha anamwangalia tena. Bado? Siku saba nyingine, kisha anamwangalia tena. Mwishoni, baka likiwa limefifia wala halikuenea, kuhani anatangaza kwamba ulikuwa upele tu. Mtu anafua nguo zake na kurudi kwa watu wake. Hatuambiwi kwamba kuhani alitoa dawa, wala kwamba alikemea pepo. Kazi aliyopewa mbele ya ngozi ya mwenzake ilikuwa kuangalia, kusubiri, na kuangalia tena.

Kazi hiyo mimi ilinishinda, na leo naungama.

Miaka kadhaa iliyopita dada mmoja alinifuata baada ya ibada. Ameniruhusu kusimulia, bila jina. Alipandisha mkono wa blauzi, nikaona vipele vyekundu kuanzia kiganjani hadi begani. "Mchungaji," akaniambia, "hivi ni vita." Sikumuuliza vilianza lini. Sikumuuliza anatumia nini. Nilimwekea mikono, nikaomba kwa sauti kubwa, nikamwagiza afunge siku tatu. Vipele vikapungua. Tukashuhudia, tukapiga makofi.

Mwezi mmoja baadaye nikaujua ukweli. Siku kumi kabla ya Jumapili ile alikuwa ameanza vidonge vya kliniki: vya kufubaza virusi vya Ukimwi, pamoja na vile vya salfa vya kumkinga na maambukizi mengine. Alipotokwa na vipele akasema moyoni kile tunachosema sote: dawa zimenikataa. Akaziacha zote. Kwa hiyo, wakati mimi nasherehekea nguvu ya maombi yangu, vipele vilikuwa vinapungua kwa sababu dawa zimeachwa, na virusi vilikuwa vinaongezeka kimyakimya. Alipokubali kurudi kliniki, muuguzi alimkalisha, akapanga vidonge mezani kimoja kimoja na kumuuliza maswali. Kilichomletea vipele kilikuwa cha salfa. Vile vya virusi havikuwa na kosa. Alikuwa ametupa vyote kwa sababu ya kimoja, na mchungaji wake alikuwa amebariki kule kutupa.

Sasa tumsome Ayubu. Majipu yalimshika kuanzia wayo wa mguu hadi utosini. Akachukua kigae cha kujikunia, akaketi majivuni. Rafiki zake watatu wakaja. Kwanza walifanya vizuri kuliko nilivyofanya mimi: waliketi naye chini siku saba, mchana na usiku, bila neno. Mara nyingi tunawasifu kwa siku hizo saba, na wanastahili. Ila kuna jambo sikuliona mpaka nilipoziweka sura hizi mbili pamoja. Kuhani wa Walawi, siku ya saba ikifika, anaangalia tena. Rafiki za Ayubu, siku saba zilipokwisha, hawakuangalia, walifungua vinywa. Tayari walikuwa na jibu: umetenda dhambi, ndiyo maana ngozi yako iko hivi. Ayubu aliendelea kuwaeleza, ngozi inakuwa nyeusi na kumbanduka, mifupa inaungua kwa homa, nao wakaendelea kumhubiria. Mwisho wa kitabu Mungu anawakasirikia wao, si yeye.

Makanisa yetu hapa mjini yana rafiki wa Ayubu wengi. Tuna makuhani wachache.

Ndugu, nisieleweke vibaya. Vipele vya dawa ni vya kweli, na mwenye kusema "dawa imenikataa" hasemi uongo. Mwili unaweza kuiona dawa kama adui na kupigana nayo, na uwanja wa vita hivyo mara nyingi huwa ngozi. Kwa kawaida vipele hutokea siku chache hadi wiki mbili baada ya kuanza dawa mpya. Salfa inajulikana kwa hilo. Wazee wetu wa Tanzania wanaikumbuka tangu enzi za Fansidar na Metakelfin. Dawa za kifafa zinaweza kuleta vipele, kadhalika dawa za kifua kikuu, penisilini, na hata za maumivu tunazonunua dukani bila kuuliza. Kuna pia baka moja jeusi la ajabu, linalotokea mdomoni au mkononi kila mara mtu amezapo dawa fulani, na kila mara palepale. Ngozi inakumbuka hata pale mwenye ngozi amesahau.

Mara nyingi vipele hivi huisha vyenyewe au dawa ikibadilishwa. Mara chache havina mzaha. Mwaka 1922 madaktari wawili wa Marekani, Stevens na Johnson, walieleza hali ambayo hadi leo inaitwa kwa majina yao: homa, macho mekundu, vidonda mdomoni, malengelenge, kisha ngozi inabanduka kama ya aliyeungua maji ya moto. Hali hiyo inaua. Anayeishi na virusi vya Ukimwi yuko katika hatari kubwa zaidi ya kuipata.

Jiji letu limewahi kupita katika bonde hili la hofu ya dawa. Tarehe 5 Julai 2002, katika kesi iliyofunguliwa na wanaharakati wa Treatment Action Campaign, Mahakama ya Katiba hapa Braamfontein iliiamuru serikali iondoe vizuizi ilivyoweka, ili hospitali na kliniki za umma ziwape akina mama wajawazito wenye virusi dawa ya nevirapini, watoto wasiambukizwe. Upande wa pili walisimama wakubwa waliosema dawa hizi ni sumu, wakasifia kitunguu saumu, limau na bitiruti. Tukubali kwamba walikuwa na kipande cha ukweli mkononi. Nevirapini, ikimezwa kila siku, kweli inaweza kuharibu ngozi na ini. Lakini kipande cha ukweli kinaweza kubeba uongo mzima mgongoni. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard walikadiria mwaka 2008 kwamba ucheleweshaji wa dawa katika nchi hii kati ya 2000 na 2005 uligharimu maisha ya watu zaidi ya 330,000.

Nao walioitumia nevirapini walifanyaje kuhusu ngozi? Hawakuificha hatari yake. Mwaka 2004 hospitali za umma zilipoanza kugawa dawa za kufubaza virusi, nevirapini ikiwa mojawapo, mgonjwa alianza na miligramu 200 mara moja kwa siku kwa muda wa siku 14. Vipele vikitokea, dozi haikuongezwa mpaka vimeangaliwa na kuisha. Vikiwa vikali, dawa ilisimamishwa. Ngozi ikiwa salama, ndipo mgonjwa alihamia mara mbili kwa siku. Niliposimuliwa jambo hili na muuguzi mmoja mstaafu nilinyamaza kwa muda. Siku 14. Saba, kisha saba tena. Sidai kwamba waliopanga dozi ile walikuwa na Walawi mezani. Nasema tu kwamba mtu akiiheshimu ngozi ya mwenzake kiasi cha kusubiri, anafika jirani na Musa.

Afrika Mashariki nayo ina ushuhuda wake. Kwa miaka mingi kifua kikuu kilitibiwa kwetu kwa mchanganyiko uliokuwa na thiasetazoni, dawa ya bei nafuu. Ukimwi ulipoingia, wagonjwa wakaanza kubanduka ngozi. Ingekuwa rahisi kusema ni ugonjwa wao tu, au ni laana. Madaktari wa Nairobi waliangalia tena, wakahesabu, na mwaka 1991 wakachapisha walichokiona: katika wenye virusi, karibu mgonjwa mmoja kati ya watano alipata madhara ya ngozi, katika wasio na virusi, karibu mmoja kati ya mia. Wengine walikufa. Shirika la Afya Duniani likashauri dawa hiyo isipewe wenye virusi, na ethambutoli ikachukua nafasi yake. Watu hawakuambiwa waache kutibiwa kifua kikuu. Waliangaliwa, na dawa ikabadilishwa. Hata nevirapini ya kila siku imepisha nyingine. Tangu mwishoni mwa 2019 wengi nchini humu wanapewa kidonge chenye dolutegraviri.

Nirudi kwenye ukurutu, maana huo ni wangu pia. Msimu wangu wa kwanza wa baridi hapa, viwiko na nyuma ya magoti vilipasuka hadi damu. Nilikuwa naoga maji ya moto yanayotoa moshi, na sabuni ya kipande ileile ya kufulia. Nikanunua tyubu ya krimu barabarani, isiyo na maelezo. Ilifanya muujiza kwa siku tano. Nilipoacha, ukurutu ulirudi na ndugu zake. Nikanunua tena. Baadaye ndipo nikaelezwa kwamba mle ndani mlikuwa na steroidi kali, dawa ambayo daktari huitoa kwa kipimo na kwa muda. Mimi nilikuwa naipaka kama mafuta ya nazi. Ngozi ilikuwa nyembamba kama karatasi ya Biblia.

Krimu hizo, ndugu, baadhi yenu mnazijua kwa kazi nyingine. Mkorogo haukubaki Dar es Salaam wala Kinshasa, tumesafiri nao. Nchi hii iliyaona madhara yake mapema. Mwaka 1975 daktari Findlay wa Pretoria na wenzake waliandika juu ya nyuso zilizokuwa zinageuka nyeusi na kukakamaa kwa sababu ya haidrokwinoni iliyopakwa ili zing'ae, na mwaka 1990 Afrika Kusini ikaipiga marufuku katika vipodozi. Hata hivyo bidhaa hizo zinapatikana hatua chache kutoka mlango wetu wa kanisa. Sitamnyooshea kidole dada yeyote. Nauliza tu ni nani aliyemwambia kwamba ngozi aliyopewa na Mungu inahitaji kusamehewa.

Sasa tuje kwenye kuficha. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua, lakini wahenga hawakutueleza mtu anaficha kwa nini. Dada yule hakunificha vidonge kwa kiburi. Alinificha kwa sababu alikuwa amenisikia nikihubiri. Alijua ninavyolitamka neno Ukimwi, na nani hugeuza shingo ninapolitamka. Kwa hiyo ungamo langu ni lenu pia: tumeijenga nyumba ambayo ndani yake ni salama zaidi kusema "ni vita" kuliko kusema "ni vidonge".

Wengine mnaficha kwa kuogopa nje. Mwaka 2025 kulikuwa na watu waliosimama malangoni mwa kliniki za jiji hili wakidai vitambulisho na kuwafukuza wageni. Novemba ya mwaka huohuo Mahakama Kuu hapa Johannesburg ililizuia kundi la Operation Dudula kufanya hivyo. Kifungu cha 27 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kupata huduma za afya, na kinasema hakuna atakayenyimwa matibabu ya dharura. Najua sheria ni kitu kimoja na foleni ya saa kumi na moja alfajiri ni kitu kingine. Najua ugumu wa kueleza "inawasha, kisha inachoma" kwa Kiingereza cha kuokoteza. Lakini someni aya ya tatu ya Walawi 14. Aliyetengwa yuko nje ya kambi, hawezi kuingia. Ndipo kuhani anatoka, anamfuata huko nje, ili amwangalie. Asiyeweza kupita lango peke yake apitishwe na kanisa. Wazee, hii ni kazi yetu kabla ya kazi ya kukusanya sadaka.

Na mwisho, Bwana mwenyewe. Katika Marko sura ya kwanza mwenye ukoma anapiga magoti, Yesu anamhurumia, anamgusa, anatakasika papo hapo. Uponyaji usio na shaka. Hata hivyo Yesu anamwagiza aende akajionyeshe kwa kuhani. Aliyeponywa na Mwana wa Mungu anatumwa akaangaliwe! Basi mhubiri anayekuambia kwamba ukiombewa usirudi kliniki amejipa mamlaka ambayo Yesu hakujipa. Na mfalme Hezekia alilia, Mungu akamsikia na kumwongezea miaka. Lakini Isaya bado aliagiza andazi la tini liwekwe juu ya jipu. Maombi hayakuona wivu juu ya tini.

Basi, wapendwa, juma hili fanyeni haya. Mwenye ukurutu, oga kwa maji vuguvugu na kwa muda mfupi. Jipake mafuta mazito yasiyo na manukato ngozi ikiwa bado na majimaji, mara nyingi kwa siku. Vaa pamba ndani na sufu nje. Krimu isiyo na maelezo iache barabarani. Kama umeshazoea kuipaka muda mrefu, mwone daktari akusaidie kuiacha.

Aliyetokwa na vipele baada ya kuanza dawa, usizitupe kwa siri wala usivumilie kwa siri. Beba pakiti zote, hata za mitishamba na za maumivu, rudi kliniki, sema ulianza lini. Ukiona homa, malengelenge, vidonda mdomoni, macho mekundu, uso kuvimba au macho kuwa ya njano, nenda hospitali saa hiyohiyo. Zile siku saba za kuhani hazikuwekwa kwa ajili ya dalili hizo. Usinisubiri mimi, wala usisubiri Jumapili. Nipigie simu ukiwa njiani, nitakuombea ukiwa kwenye foleni. Na ukishaambiwa ni dawa gani iliyokukataa, iandike jina lake, uiweke pamoja na kitambulisho chako, ili mtu mwingine asikupe tena siku usipoweza kusema.

Nasi wengine, mtu akitupandishia mkono wa blauzi, tumuulize kwanza vilianza lini na anatumia nini. Ndipo tuombe. Na wiki ijayo tumtafute, tumwangalie tena.

Jumapili baada ya ibada, mama zetu wawili wauguzi watakaa benchi la nyuma, na mlango utafungwa. Njooni na pakiti zenu mfukoni, na mikono ya sweta mkiwa mmeikunja.